Nani Anayeshika Kichwa Chako?

Masomo: Waamuzi 16:4–21, Luka 16:10, Mambo ya Walawi 19:13



Kwenye ushirika wa Jumatano dada mmoja aliuliza swali ambalo kwanza liliwachekesha watu, halafu likawanyamazisha. Alisema hivi: "Pasta, kuna dada wa kanisa amefungua saluni. Lakini mimi nimezoea kusukwa na mama mmoja kule karibu na stendi ya feri, na huyo mama hajaokoka. Je, nakosea nikiendelea kwenda kwake?" Kabla sijajibu mwingine akadakia, "Na mimi aliyeniunguza kichwa na dawa ni huyo huyo wa kuokoka. Nirudi tu kwa sababu tunaimba kwaya moja?"

Hapo ndipo ukimya ulipoingia, maana kila mtu alijua swali si la nywele peke yake. Mtu unamwamini kwa sababu gani? Kwa sababu ni wenu? Kwa sababu anajua kuongea na anakuita "mpendwa"? Au kuna kipimo kingine? Na kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza siku ile, nalo nataka tulifikie leo: huyo anayekushika kichwa, yeye ana sababu gani ya kukuamini wewe?

KINYOZI HAJINYOI

Wahenga wetu walisema kinyozi hajinyoi. Fundi mwenyewe ana wembe, ana mashine, ana kioo kikubwa ukutani, lakini siku yake ikifika lazima akae kwenye kiti ampe mwenzake kichwa. Mungu ametuumba macho yote mawili yakiwa mbele. Kisogo chako kinajulikana na abiria wote waliokaa nyuma yako kwenye matatu, isipokuwa wewe mwenye kisogo. Ndiyo maana ukimaliza kunyolewa kinyozi hushika kioo cha pili kule nyuma na kukuuliza, "Iko sawa?"

Hebu fikiria unachokabidhi ukikaa pale. Mwanamume anakabidhi koo lake. Mwanamke anakabidhi saa tano au sita za siku yake, ngozi ya kichwa, na pesa ambazo pengine amezichanga wiki mbili. Wote wawili wanakabidhi pia maneno yao, maana mtu akishikwa kichwa mdomo hulegea. Mambo ambayo wengine hawajawahi kumwambia mchungaji yamesemwa tayari pale saluni, draya ikiunguruma.

Tena usiniambie nywele ni jambo dogo. Soma 2 Samweli 10. Daudi alituma watumishi kwenda kumpa pole mfalme Hanuni wa Waamoni aliyefiwa na babake. Hanuni akadhani ni wapelelezi, akawanyoa nusu ya ndevu na kuwakatia mavazi. Daudi hakuwalazimisha warudi Yerusalemu wachekwe na watu. Aliwaagiza wakae Yeriko mpaka ndevu ziote. Halafu vita vikafuata. Mtu akikwambia nywele ni upuuzi, mwambie kuna vita ndani ya Biblia vilivyoanzia kwenye wembe.

SAMSONI ALISUKWA KABLA YA KUNYOLEWA

Hadithi ya Samsoni na Delila tumeihubiri sana. Mara nyingi tunasema Samsoni aliangushwa na mapenzi. Sikatai. Lakini mimi nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba kabla hujaweka pesa yako mahali, uangalie hesabu za nyuma. Hebu tuangalie hesabu za Delila.

Mara ya kwanza alimfunga kwa kamba mbichi, huku maadui wamejificha chumbani. Mara ya pili alimfunga kwa kamba mpya. Mara ya tatu alimsuka! Ndio, soma mstari wa 13 na wa 14: alizichukua zile nywele zake, vishungi saba, akazifuma pamoja na nyuzi na kuzikaza kwa kigingi. Delila alikuwa msusi wa Samsoni kabla ya kumwita mtu wa kumnyoa. Na mara zote tatu Samsoni alipigiwa kelele kwamba Wafilisti wamefika. Mara tatu Delila alipewa nafasi, mara tatu alimuuza. Hesabu zilikuwa wazi kama kitabu cha benki. Mara ya nne Samsoni akalala magotini pake.

Kila mkuu wa Wafilisti alikuwa amemwahidi Delila vipande 1,100 vya fedha. Huyo mtu aliyeshika wembe hata jina hatuambiwi. Kichwa cha mtu aliyewekwa wakfu tangu tumboni mwa mamake kilinyolewa na fundi asiyemjua, akiwa usingizini.

Nasema nini? Nasema tusichanganye kumpenda mtu na kumwamini mtu. Upendo tumeagizwa tumpe kila mtu, hata adui. Lakini kuaminiwa mtu hukupata kidogo kidogo, kwa matendo yanayoonekana. Unaweza kumpenda dada, ukamwombea, ukampelekea uji akiwa mgonjwa, na bado usimpe kichwa chako akitie dawa. Hapo hujamchukia. Hapo umesoma hesabu.

UAMINIFU UNAONEKANA KWENYE VITU VIDOGO

Sasa hesabu hizo tunazisoma wapi? Bwana Yesu katika Luka 16:10 ametupa kipimo: mtazame mtu anavyoshughulika na kidogo, utajua atakavyoshughulika na kikubwa. Na kazi ya nywele imejaa vitu vidogo.

Kinyozi anafungua wembe mpya mbele ya macho yako, au tayari upo kwenye kishikio ukifika? Mashine anaipangusa kwa spiriti kabla ya kichwa chako, au anaipuliza tu kwa mdomo? Wengine wana kale kasanduku ka taa ya buluu, lakini ukichungulia taa imezimwa na ndani mna chaja za simu. Haya si mapambo. Mapunye, yale ambayo watoto wetu wanayaita mashilingi, yanahama kichwa hadi kichwa kwa mashine na vitana vichafu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinapita kwenye damu kwa urahisi kuliko vya ukimwi, na vinaweza kubaki na nguvu nje ya mwili kwa angalau siku 7. Tone la damu ambalo hata hulioni kwa macho linatosha. Kwa hiyo yule kijana anayetupa wembe wa shilingi chache kila baada ya mteja mmoja, hata siku ambayo biashara ni mbovu, amekuhubiria mahubiri bila kufungua kinywa.

Kwa akina dada ni vivyo hivyo. Dawa nyingi za kulainisha nywele ni kemikali kali kabisa, na zingine zina sodiamu haidroksidi, magadi makali ya jamii ile ile ya kutengenezea sabuni. Msusi mwaminifu anakuuliza kama umejikuna kichwa jana, anapaka mafuta pembeni, anaangalia saa, na ukisema inachoma anaosha mara moja. Hakwambii vumilia kidogo ishike. Na wakati wa kusuka rasta hakuvuti mpaka macho yakawa kama yameshonwa. Nywele za mbele zikivutwa hivyo mwaka hadi mwaka zinakatika, na mwisho mizizi inakufa, haioti tena. Wengi wetu tunawajua mama zetu walioanza kufunga kitambaa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya kujisitiri.

Lakini alama kubwa kuliko zote kwangu mimi ni msusi anayekataa pesa yako. Umeenda na uzi wako na shilingi 1,500 mkononi, akashika nywele, akazichunguza, akasema, "Dada, hizi nywele zimechoka. Wacha nikusukie matuta tu, rasta uje mwezi ujao." Amepoteza mapato ya siku kwa ajili ya kichwa ambacho si chake. Ukimpata mtu wa namna hiyo, mshike.

Tena kuna masikio. Ukikaa pale akakueleza habari za ndoa ya mteja aliyetoka sasa hivi, usifurahie kwamba umepewa umbea wa moto. Jua kwamba ukifika mlangoni zamu yako itaanza.

JE, LAZIMA AWE WA KANISA?

Turudi kwa lile swali la ushirika. Najua kuna watu watanitajia Wagalatia 6:10, pale Paulo anapotuhimiza kuwatendea watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Ni kweli kabisa. Mimi naelewa hivi: dada wa kanisa akifungua saluni, apewe nafasi ya kwanza. Nenda. Kaa kwenye kiti chake. Lipa bei yake. Mwambie na rafiki yako. Hilo ni deni letu kwake.

Lakini nafasi ya kwanza si cheti cha milele. Kuokoka kunaosha dhambi, hakufundishi kusuka. Ukisoma Kutoka 31 utaona Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake, na matokeo yake yalikuwa ustadi wa mikono: dhahabu, mawe, mbao. Roho Mtakatifu hachukii ufundi mzuri, na kazi mbovu haiwi njema kwa sababu imebandikwa mstari wa Biblia kwenye mlango. Maandishi ya "Yesu ni Bwana" juu ya kioo yanatuambia habari za Yesu. Habari za wembe tutaziona kwenye wembe.

Na Suleimani alipotaka kujenga nyumba ya Bwana alifanya nini? Soma 1 Wafalme 5. Alituma kwa Hiramu mfalme wa Tiro, akakiri kwamba kati ya watu wake hakuna ajuaye kukata miti kama Wasidoni. Wasidoni hawakuwa wa agano. Walikuwa na miungu yao. Lakini mbao za hekalu zilipita mikononi mwao, nao walilipwa kwa ngano na mafuta kila mwaka. Kama hekalu lile lilijengwa hivyo, basi wewe ambaye mwili wako ni hekalu hutanajisika kwa kusukwa na mama anayejua kazi yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Dada, hukosei. Mpe wa kanisa nafasi ya kweli, sio ya kujionyesha. Akifanya kazi vizuri, kaa naye. Akiharibu, mwambie kwa upole alichoharibu, ili akue. Kumnyamazia na kwenda kumsema kwenye kikundi cha WhatsApp ndiko kunakokosea.

WEMBE SHINGONI HAPA LIKONI

Kuna jambo ambalo sisi wa Shelly Beach hatuwezi kulipita, kwa sababu tunaishi hapa na wala si kwingine. Kwenye mitaa yetu, kutoka feri hadi Timbwani na Mtongwe, jirani wa mkono wa kulia ni Mwislamu na wa mkono wa kushoto ametoka bara. Na tumewahi kuumizana. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, ghasia zikaenea, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia makwao, wengi wao wakiwa watu wenye asili ya bara. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kwenye kanisa moja hapa Likoni ibada ikiendelea, wakafyatua risasi. Watu 6 walipoteza maisha. Wako wapendwa kati yetu ambao mpaka leo wakikaa kanisani huchagua kiti kinachotazama mlango. Siwacheki, na mtu asiwacheke.

Ndiyo maana naona uzito kwenye jambo hili: mimi mchungaji nanyolewa na mzee Mwislamu. Namwita Ami. Adhana ya adhuhuri ikiingia anafunga pazia, anaenda kuswali, mimi nakaa kwenye benchi namngojea. Akirudi ananiuliza, "Pasta, tuendelee?" Nami namuuliza, "Ami, wembe mpya?" Anauonyesha juu, anaufungua karatasi, anasema, "Tazama mwenyewe, mwanangu." Halafu naegemeza kichwa nyuma na kumpa koo.

Sijafunga macho kwa yaliyotokea. Lakini nimeona mzee huyu akimrudishia mtu chenji aliyoisahau wiki nzima nyuma. Nimemsikia akimkatiza mteja aliyeanza kuwasema vibaya watu wa bara, akamwambia hapa ni pa kunyoa. Hayo ndiyo nimeyaona, mara moja baada ya nyingine, kwa miaka. Huko 1997 watu waliuliza, huyu ni wa wapi? Na mtu akijibu vibaya, basi. Kila mara tunapochagua fundi kwa kabila au dhehebu tu, tunalirudia swali lile lile kwa sauti ya chini. Bwana wetu aliposimulia habari za mtu aliyeangukia wanyang'anyi njiani, kuhani na Mlawi walipita upande mwingine, naye Msamaria akafunga vidonda. Hakutueleza Msamaria alisali wapi. Alitueleza alifanya nini.

UPANDE WA PILI WA KITI

Mpaka hapa mmekuwa mkiitikia amina kwa sababu tunamchunguza fundi. Sasa tuzungushe kiti, tutazame mteja.

Mwaka 1970 mwanauchumi mmoja Mmarekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hapa Mombasa tutamwelewa haraka, maana magari ya namna hiyo kutoka Japani yanashukia bandarini mwetu na kupangwa kwenye mayadi mjini. Mwuzaji analijua gari. Mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi anaogopa kuuziwa bovu, anakataa kutoa bei ya gari zuri. Anatoa bei ya katikati. Sasa mwenye gari zuri kweli anaona bei hiyo inamwonea, anaondoa gari lake. Sokoni yanabaki mabovu. Kwa kazi hiyo na nyingine Akerlof alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Ona linavyoingia saluni. Msusi anayenunua dawa halisi, anayebadilisha wembe, anayefua taulo, gharama yake iko juu. Jirani yake anapunguza dawa kwa maji na taulo ni ile ya Jumatatu. Wewe unafika, unawaambia wote wawili, "Fulani ananisukia kwa mia tatu chini ya hiyo." Unafikiri umekuwa mjanja. Ulichofanya ni kumwambia mwaminifu kwamba uaminifu wake haulipwi. Akichoka ataiga jirani au atafunga. Halafu wewe huyo huyo utasimama kwenye ushirika kulalamika kwamba siku hizi hakuna fundi wa kuaminika.

Wacha niseme jambo lililonitoa machozi. Dada mmoja aliyekuwa na saluni ndogo huku upande wetu aliniletea daftari la madeni tulihesabu pamoja, kwa kuwa alijua nilisoma mambo ya hesabu. Tulienda jina kwa jina. Majirani wa mtaa, ambao si washirika, karibu wote walikuwa wamelipa. Majina yaliyobaki yalikuwa ya wapendwa. "Dada katika Bwana, nitakutumia jioni." "Mpendwa, M-Pesa yangu inasumbua." "Sisi si ni familia?" Deni lote lilitosha kodi ya miezi mitatu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Pasta, siwezi kuwadai, maana Jumapili tunashikana mikono." Mwisho wa mwezi aliuza draya na viti, akaenda kutafuta kazi ng'ambo ya feri.

Wapendwa, Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa mfanyakazi kulala kwako mpaka asubuhi. Yakobo naye anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Tumezoea kusoma mistari hiyo tukiwawazia matajiri wenye mashamba. Lakini mwenye kichwa kilichosukwa vizuri na hajalipa, yeye ndiye tajiri kwenye mstari ule. Anatembea na jasho la mtu kichwani.

Kwa hiyo mteja mwaminifu ni nani? Ni yule anayesema nakuja saa tatu na saa tatu yuko mlangoni, au anapiga simu mapema, maana msusi amekataa mtu mwingine kwa ajili yake. Ni yule anayelipa kabla hajasimama kwenye kiti. Ni yule anayesema palepale, "Mama, huku umevuta sana," badala ya kutabasamu na kulipa na kutorudi tena. Ni yule asiyehama kwa sababu ya shilingi hamsini. Na ni yule ambaye pia anatunza siri, maana na wasusi nao husimulia shida zao.

LUTHER NA KINYOZI WAKE

Historia ya kanisa ina kisa cha ajabu kuhusu jambo hili. Martin Luther, yule mtumishi wa Mungu wa Ujerumani, alikuwa na kinyozi wake katika mji wa Wittenberg aliyeitwa Peter Beskendorf. Kinyozi huyo alimwomba amfundishe kuomba. Luther hakumwambia asubiri Jumapili. Mwaka 1535 alitoa kijitabu kizima kwa ajili yake, kuhusu njia rahisi ya kuomba. Ndani yake alitumia kazi ya Peter mwenyewe kama mfano: jinsi kinyozi mzuri anavyoweka akili yake yote kwenye wembe, kwa kuwa akigeuka huku na huku anaweza kumkata mtu, ndivyo na mwombaji anavyopaswa kukaza moyo. Mteja alikuwa amemwangalia fundi wake kwa makini mpaka akapata somo la maombi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka huo huo, wakiwa kwenye chakula, Peter alimchoma mkwewe kwa kisu na mkwewe akafa. Ulikuwa msiba na ilikuwa dhambi, na mji mzima ulijua. Luther angeweza kusema sikujua, nitafute kinyozi mwingine, jina langu lisichafuke. Alifanya kinyume: yeye na wengine walimwombea kwa wakuu. Peter hakuuawa, alifukuzwa mjini. Adhabu ilikuwepo. Luther hakusema jambo lile lilikuwa jema, wala hakutaka lifichwe. Ila mtu aliyemshika kichwa miaka yote hakugeuka kuwa mgeni kwake siku moja.

Nimetafakari sana kisa hiki. Kinatuonyesha kwamba hata hesabu nzuri za mtu hazikuambii kila kitu. Mkono uliokuwa thabiti kwenye ndevu haukuwa thabiti kwenye hasira. Pia kinatuonyesha kwamba aliyeaminiwa anapoanguka, yule aliyehudumiwa naye ana deni. Msusi wako akiugua miezi miwili, je, unajua anakaa wapi? Akifiwa, ulipeleka mchango?

Simaanishi usihame kamwe. Ukimwonya mtu kuhusu wembe na anarudia, hama. Mwili wako si wa kufanyia majaribio. Akitangaza siri zako, hama. Lakini fuata Mathayo 18:15 kwanza, nenda mkaongee wawili. Na ukihama, mwambie. Usimwache mtu akikuwekea nafasi kila mwisho wa mwezi kumbe wewe ulishavuka feri.

LAKINI YEREMIA JE?

Najua kuna mpendwa atakayefungua Yeremia 17:5 na kuniambia Biblia inamtangazia laana anayemtegemea mwanadamu. Soma mstari wote, mpendwa. Nabii anamsema mtu ambaye moyo wake umemwacha Bwana, akamfanya mwanadamu kuwa nguvu zake. Hasemi tusimpe mtu kitana. Mithali 31:11 inamsifu mke ambaye moyo wa mumewe unamwamini. Kumtegemea Mungu hakutuondolei wajibu wa kuaminiana. Kunatupa ujasiri wa kuaminiana tukijua kwamba mtu akituangusha hatujaisha. Yeye aliyesema nywele zetu zimehesabiwa zote anajua na ile iliyokatika kwa sababu ya fundi mbaya.

Wiki hii, fanya mambo mawili. La kwanza, kama una deni la kunyolewa au kusukwa, hata la shilingi mia, lilipe kabla ya Jumapili, na usilitaje kama msaada. La pili, fundi wako akifanya jambo dogo kwa uaminifu, mwambie umeliona. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa mikono ya watu inayotuhudumia mahali ambapo macho yetu hayafiki. Bariki vinyozi na wasusi wa Likoni, walio wetu na wasio wetu. Wape wembe safi na dhamiri safi. Na sisi utufanye wateja ambao mtu akituona tunaingia mlangoni, moyo wake unafurahi. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji Msaidizi